Zamu ya Ijumaa na Chujio la Bosi

Mimi nikikasirika siwezi kuficha, na Jumatatu ile nilikasirika hasa.

Ofisi yetu iko Dunda, juu ya duka la vitenge. Tunafuatilia mitandao ya blokcheni, yaani kumbukumbu zinazotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Mtandao ukizima, programu yetu inapiga kelele. Ijumaa, sisi tunaokwenda kuswali tunamwachia zamu dada mmoja Mkristo, na Jumapili tunamshikia yeye. Akiwa peke yake hubakiza mtandao mmoja tu, wa ghala la korosho la Kiwangwa, ambao bila huo magunia hayapokelewi, maana wenye ile mingine nao wako msikitini.

Ijumaa iliyotangulia alikuwa na programu mpya, aliyoiandika bosi mwenyewe. Kwenye maelezo ya amri za kuiendesha kuna chaguo la chujio, la kuchambua mitandao, limeandikwa: "Taja mitandao." Basi! Itajwe ili ifuatiliwe, au ili iachwe? Hakuna neno. Binti wa watu akataja korosho. Kumbe unayoitaja ndiyo inayoachwa! Mtandao ukazima, kompyuta ikanyamaza, wakulima wakashinda juani na magunia yao.

Sasa bosi ananiambia niandike kwamba kosa ni la yule dada, apate kumwachisha kazi. Naye dada bado alikuwa kwenye majaribio ya kazi, masikini.

"Siandiki," nikamwambia.

"Maelezo yako wazi!"

"Wazi kwako uliyeyaandika. Umtume mtu sokoni, umtajie nyanya, usiseme anunue au asinunue, halafu akirudi umfokee?"

Mchana huohuo, bila ruhusa ya mtu, nikafuta chaguo lile nikaweka mawili: "fuatilia hii tu" na "usifuatilie hii". Tena programu ikianza, inaonyesha kwenye kioo mtandao upi unafuatiliwa na upi umeachwa. Bosi akaja juu, nirudishe ilivyokuwa.

"Sirudishi ng'o! Na ukimfukuza huyu tunaondoka wote wawili, Ijumaa ukae wewe."

Akatoka akabamiza mlango. Wiki nzima yule dada alikaa roho juu, akingoja kuitwa. Hakuitwa.

Ijumaa bosi akasimama mlangoni, kanzu imenyooka, tayari kwenda kuswali. Akamuuliza kwa ukali, "Una hakika korosho inafuatiliwa?"

Dada akamgeuzia kioo.

"Soma mwenyewe, bosi."

Akasoma.