Nyayo Mbili Katika Sakafu ya Mama Mkwe

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na harusi yangu ilinyeshewa mpaka kwaya ikakimbia. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo usinitafutie mpangilio. Nitakufikisha tu.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja hapa Gisenyi, naishi kwa mama mkwe. Tulivusha sambaza, vile visamaki vya ziwani kwetu, kwenda kuviuza Goma, mpaka tukapata saruji ya sebuleni. Mtaa mzima ulikuwa bado kwenye udongo. Asubuhi hiyo fundi alikuwa ametoka tu kuilainisha sakafu, imetulia kama ziwa lisilo na upepo, nami nimesimama mlangoni nawafukuza kuku.

Ndipo mlima wa moto ukapasuka upande wa Goma. Haikupita muda watu wakawa wanamiminika kutoka mpakani, pale Grande Barrière, magodoro kichwani, majivu kwenye nywele. Mama mmoja akasimama langoni kwetu na mtoto wa miaka kama mitatu.

"Mama, tunaomba fasi kidogo tu. Mutoto amechoka."

"Hapa hakuna fasi. Muende kule kwa kanisa."

Nikafunga komeo. Sikuwa na chuki naye, Mungu ananijua. Niliogopea sakafu.

Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "We, umeambia nini hao watu?"

"Sakafu haijakauka, mama."

"Na machozi yao, imekauka? Bon. Kumbe tulijenga nyumba ya sakafu. Mi nilifikiri ni ya watu."

Akafungua lango, akamwita yule mama ambaye alishafika kwenye kona. Mtoto akaona mlango wazi, akakimbilia ndani, hatua mbili, miguu ikazama. Mama yake akashika mdomo. Mama mkwe akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. Uji kwanza, majina baadaye.

Fundi aliporudi kuziba zile nyayo mbili, mama mkwe alimkatalia. "Acha hivyo. Mi nilishuka toka kule kijijini Busasamana na mukeka kichwani, mujane wa hii kiwanja akanipa kona ya jiko. Hakuniuliza natoka wapi mpaka uji ikaisha. Nani kwa huu muji hakuingia na vumbi miguuni?"

Nikawafikiria majirani. Wa kulia alirudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake laini, wa kushoto Uganda, wa nyuma kazaliwa Goma. Mji huu, mwanangu, watu wake wengi haukuwazaa, uliwapokea. Yule mama niliyemfukuza nilikuja kuuza naye sambaza mpaka magoti yakanichosha, na hata sasa tukienda kwenye chemchemi ya Nyamyumba kuyakanda kwa maji ya moto, hunitania: "Hapa iko fasi, ao niende kwa kanisa?"

Nasikia unajenga, tena kwa vigae. Jenga, sina wivu. Lakini mlima bado uko pale, na leo kwao, kesho kwako. Usimuulize mtu atokako kabla hajanywa maji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliyepona nakuambia ni kweli. Zile nyayo nazifagia kila asubuhi, taratibu.

Mungu akupe nyumba imara, mwanangu, na sakafu isiyokosa vumbi la wageni.