Wiki Tatu Mwalimu Alipofunga Mdomo

Daktari wa koo alimmulika mwalimu kinywani, akazima tochi, akamwambia jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuthubutu kumwambia tangu aanze kazi: anyamaze. Anyamaze kabisa, wiki tatu, hata kunong'ona marufuku, la sivyo vivimbe viwili alivyoviona kooni vitaondolewa kwa kisu.

Mwanamke huyu alikuwa amefundisha Kiingereza darasa la sita na la saba kwa miaka kumi na tisa, na muda wote huo alifundisha kwa koo. Alikuwa akianza kusema tangu mlangoni na kumalizia nje kengele ikishalia. Wanafunzi walimwita Redio. Alijua, na hakuchukia.

Mume wake, fundi wa majokofu, aliposoma karatasi ya daktari alijikuna kidevu. "Wiki tatu," alisema. "Mke wangu, huyu daktari anapokea na mama wakwe?"

Shuleni, mwalimu mkuu hakuwa na mtu wa kumshikia nafasi. Aliyemwokoa mwanamke huyu ni mwalimu wa historia, kijana aliyekaa meza ya jirani, ambaye michezo yake ya darasani yeye alikuwa akiibeza kila siku.

"Dada, jaribu kiti cha maswali," alimwambia. "Mmoja anachomoa karatasi kwenye kopo. Ikisema nesi, basi yeye ni nesi. Anakaa mbele, wenzake wanamuuliza kwa Kiingereza, naye anajibu. Wewe kaa nyuma uandike makosa. Hata kukohoa huhitaji."

Akajaribu, kwa shingo upande. Siku ya kwanza walitazamana kama waliofiwa. Siku ya tatu mikono ilikuwa juu kila kona. Dereva wa basi aliulizwa kwa nini anafunga breki ghafla, mwizi wa kuku akajitetea mpaka akapata wafuasi. Kiingereza chao kilichechemea, lakini kilitembea. Mwalimu, aliyeamini kwamba watoto wale hawana hata sentensi tatu vichwani, alijikuta amekaa kwenye dawati la nyuma kinywa wazi, kalamu mkononi, amesahau kuandika makosa.

Wiki ya pili wanafunzi wenyewe wakaanza kutumbukiza karatasi kwenye kopo, na mmoja akaandika "Mwalimu wetu." Aliyeichomoa ni Izilandi.

Izilandi alikuwa msichana wa dawati la dirishani. Daftari lake lilikuwa safi, mitihani yake ya kuandika mizuri, lakini kwa miaka miwili hakuwa amefungua kinywa katika kipindi cha Kiingereza. Kwenye ripoti zake mwalimu aliandika kila muhula: "Hana ushirikiano darasani." Shule nzima ilimwita Izilandi, mwalimu naye vilevile, akidhani ni jina la utani alilokuja nalo kutoka kwao.

Darasa lilitarajia atairudisha karatasi. Hakuirudisha. Alijitanda sweta mabegani kama mtandio, akachukua chaki, akakohoa kidogo, kisha akaanza kusema Kiingereza kwa sauti ya mwalimu, kasi ileile, hata kile kidole cha kuhesabia sentensi. Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu mwenyewe alicheka bila sauti, machozi yakimlengalenga, huku akijiuliza mtoto huyu alificha wapi Kiingereza chote hiki.

Wakamuuliza anapenda chakula gani, kwa nini anapenda kutoa mtihani Ijumaa. Akajibu yote. Ndipo mvulana mmoja mwenye miwani, bila ubaya wowote, akauliza, "Mwalimu, kwa nini yule msichana wa dirishani haongei?"

Msichana akatulia. Sauti ya mwalimu ikamtoka, ikabaki yake, ndogo, ya taratibu. Alijibu kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja.

"Kwa sababu siku yake ya kwanza hapa nilimsomesha mbele ya darasa. Alifika kwenye neno la kisiwa, lile lenye herufi s isiyotamkwa. Akalisoma kama lilivyoandikwa, izilandi. Nililirudia mara tatu ili wote wacheke. Nami nikacheka. Kesho yake nikamwita hivyo, na mpaka leo namwita hivyo."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alitaka kusema ulikuwa utani, lakini koo lilikuwa limefungwa na daktari, kwa hiyo akalazimika kukaa na maneno yale kama yalivyo.

Mvulana wa miwani akauliza tena, kwa sauti ya chini, "Na siku ile ulijisikiaje, mwalimu?"

Msichana alimtazama mwalimu moja kwa moja. "Sikumbuki," akajibu.

Na ilikuwa kweli. Mwalimu alipekua kichwa chake chote asiione siku hiyo. Mtoto ameibeba miaka miwili, na yeye hana hata kivuli chake. Aliinuka, akaenda ubaoni, akaandika jina halisi la msichana kama lilivyo kwenye daftari la mahudhurio, na chini yake: Ni kweli. Sikumbuki. Nisamehe. Chaki ilimkatikia mara mbili. Msichana alisoma, akavua sweta mabegani, akarudi kwenye dawati lake.

Jumamosi mwalimu alikwenda kwa mama wa msichana, aliyekuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi. Alimpa barua aliyoandika nyumbani, akieleza yote. Mama aliweka pasi pembeni, akasoma mpaka mwisho.

"Huyu nyumbani hanyamazi," alisema. "Anawafundisha wadogo zake Kiingereza kutwa nzima. Ripoti zako zilipokuja nilimgombeza, mwalimu. Kila muhula nilimgombeza mtoto wangu."

Mwalimu, katikati ya mashati yaliyotundikwa, aliichukua tena ile barua na kuandika chini yake: Kosa lilikuwa langu.

Sauti ilirudi wiki ya nne, ina mikwaruzo. Tangu hapo aliongea dakika kumi, kisha akahamia dawati la nyuma. Lile jina halikufa kwa siku moja. Wavulana waliendelea kulitumia uwanjani karibu muhula mzima, na kila alipolisikia mwalimu alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Msichana alianza kuinua mkono, kwanza mara moja kwa wiki, baadaye kila kipindi, na maswali yake ndiyo waliyoyaogopa zaidi waliokaa kwenye kiti. Kusema amesamehe hakuwahi kusema. Mwalimu naye hakumuuliza.