Sornavalli wa Pechiyammal

Ofisini kwetu Madurai, kusini mwa India, juu ya duka la sari, hakuna mbishi kama Sornavalli. Nimekaa naye meza moja miaka, najua. Ukimwambia kahawa imekwisha, atainuka kwenda kulitikisa birika mwenyewe. Programu anaandika vizuri kutushinda wengi wetu, ila kukubali kwa mdomo kwamba mtu mwingine kasema kweli, hilo hawezi.

Alilelewa na mama yake, Pechiyammal, muuza idli, vile vikate vya mchele vya kupikwa kwa mvuke, pale stendi ya mabasi. Baba, Thavasi, aliondoka Sornavalli akiwa hajaanza kutambaa, na hakurudi hata kwa salamu. Lakini kwetu jina la pili la mtoto ni la baba, awepo asiwepo, na kwenye karatasi zote Thavasi yumo, kakaa kitako.

Karatasi mtu huzitazama mara mojamoja tu. Kilichomchosha Sornavalli ni kiolezo. Kila tukianzisha faili jipya la programu, kompyuta yenyewe hutangulia kuandika mistari ya juu: kampuni, tarehe, na jina la mwandishi, ambalo hulichota kwenye kumbukumbu za ajira. Kwa hiyo kutwa nzima ni Sornavalli Thavasi, Sornavalli Thavasi.

"Huyu mtu hajanipeleka shule hata siku moja," aliniambia, "lakini kazini kila siku ananitangulia."

Asubuhi moja akafungua mipangilio, akafuta ile amri ya kuchota jina, akaandika kwa mkono wake: Sornavalli wa Pechiyammal. Akahifadhi, akanywa kahawa yake kwa raha. Kumbe kiolezo alichobadilisha hakikuwa chake peke yake. Kilikuwa cha ofisi nzima.

Kufika saa ya chai, kila aliyeanzisha faili jipya alijikuta ni Sornavalli. Isakki, anayekaa dirishani, akapaza sauti: "Dada, mama yako kanizaa lini? Na idli zangu za utotoni ziko wapi?"

Tulicheka mpaka bosi, Gunaseelan, akatoka chumbani kwake. Yeye hakucheka.

"Rudisha kama ilivyokuwa," alimwambia Sornavalli.

"Ya wenzangu narudisha, bosi, hapo nimekosea. Yangu sirudishi."

"Jina la baba ni desturi, binti."

"Hiyo desturi ilininunulia daftari gani?"

"Usinijibu hivyo. Faili lenye jina lisilo kwenye kumbukumbu halipokelewi hapa. Ama jina la baba, ama ubaki nyumbani."

"Basi niandikie barua ya kunifukuza. Na sababu uiweke: alimtaja mama yake."

Niliogopa, maana kazi hiyo ndiyo inayowaweka mjini yeye na mama yake. Nikamkanyaga mguu chini ya meza anyamaze. Akanikanyaga na yeye, tena kwa nguvu.

Gunaseelan akishindwa na mtu hukimbilia kumshtaki kwa wazazi. Mwanamke mzima, mwenye mvi mbili tatu, anashtakiwa nyumbani! Nilikereka mpaka masikio yakawaka moto. Akapiga namba ya mzazi iliyo kwenye kumbukumbu, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie binti anavyosemwa.

"Naomba kuongea na Bwana Thavasi, baba yake Sornavalli."

Kwenye simu tulisikia kondakta akiita abiria, kisha sauti ya mwanamke. "Hata mimi namtafuta. Ukimpata, nishtue."

Isakki akaziba mdomo kwa mkono.

"Wewe ndiye mama yake?" bosi akauliza. "Binti yako ni mkaidi."

"Hilo najua. Kazi ameharibu?"

"Kazi... hapana, kazi yake nzuri. Ametoa jina la baba juu ya kazi, ameweka lako."

Tukasikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini.

"Langu? Pechiyammal?"

"Ndiyo."

"Lipo hapo sasa hivi?"

Bosi akatazama kompyuta ya Sornavalli. "Lipo."

"Basi liache. Nina wateja."

Simu ikakatika. Gunaseelan akaitia mfukoni. "Kumbukumbu zirekebishwe," alisema bila kumtazama mtu, akarudi chumbani kwake.

Sornavalli alijifuta macho kwa ncha ya shali, akanikazia jicho nisithubutu kusema kitu. Kisha akafungua faili jipya. Mama yake alikuwa ameshafika, yuko mstari wa juu, anamsubiri.