Shanga Nyekundu Juu ya Kitanda

Nimekosa. Na tafadhali shetani msimtaje, maana hili nililifanya mwenyewe, mchana kweupe, akili zangu timamu. Nisomeni kwanza, halafu wa kunitukana anitukane.

Niko Kasulu mjini. Nina mume, au niseme nilikuwa naye, mpaka leo sijui niseme lipi. Jina lake nalificha, hapa nitamwita Baba Zu. Anauza vitenge na mashuka, na watu wake asili yao ni Tanga. Mimi ni Muha wa Makere, binti wa wakulima wa muhogo. Nilizaliwa Mkristo, nikasilimu kwa ajili ya ndoa. Lakini sikusilimu kwa mdomo tu, jamani. Niliipenda dini na nilimpenda yule mwanaume.

Wiki ya harusi shangazi yake alikuja kutoka Tanga kunifunda. Huyo ndiye ninayemwita Somo. Kwetu Makere mambo ya chumbani hayasemwi. Siku ya kwanza nilipoona damu, mama alinipa kitambaa akaniambia, "Mwana wanje, huo ni mwezi. Nyamaza." Basi, somo likaisha hapo. Shangazi yeye alisema mengi mpaka nikajifunika uso kwa kanga. Mwisho akatoa uzi wa shanga nyekundu.

"Mwanangu, mwanamke wa heshima hamtamkii mumewe kwamba yuko mwezini," akaniambia. "Ukiingia siku zako, zitundike kwenye msumari juu ya kitanda. Ataona, atajua, hatakusogelea. Ukishakoga, ziondoe. Yakhe, mdomo wa nini?"

Nilizipenda zile shanga! Nilitoka kwenye nyumba ya kunyamaza nikaingia kwenye nyumba ya kunyamaza, ila hii ilikuwa na mapambo.

Sasa mnisikilize vizuri. Siku zangu mimi huwa mbaya. Tumbo linakata, kiuno kinavunjika, hata kuinuka kitandani ni kazi. Baba Zu akiziona shanga msumarini, hasemi kitu. Anachemsha maji, anayatia kwenye chupa, anaizungushia taulo na kuniwekea tumboni. Anaponda tangawizi ya Buhigwe, ile kali, ananichemshia chai. Kisha anakaa nyuma yangu ananikanda kiuno taratibu mpaka nasinzia. Wenzangu sokoni wakisimulia waume wanavyowasumbua hata wakiwa mwezini, mimi nilikuwa nageuza maneno nisije nikaonekana naringa.

Mwanaume wa namna hiyo ndiye niliyemdanganya. Mimi!

Ilianza baada ya kumzaa mtoto wetu wa pili. Nilichanika, nikashonwa. Arobaini ikaisha, tukarudiana. Yesu na Maria! Ndivyo nilivyolia moyoni, kusilimu kote nikakusahau. Niliumia kana kwamba nachanwa upya. Niliuma mto nisipige kelele watoto wakaamka. Yeye akadhani nimefurahi. Akanibusu paji la uso akalala na tabasamu lake.

Ningemwambia nini? "Inauma"? Neno dogo hivyo, na mimi sikuwa nalo. Mama alinifundisha kunyamaza, Somo akanifundisha kutundika. Hakuna aliyenifundisha kusema, nami sikujisumbua kujifunza. Nilijua pia kwamba mwanamke akilalamika chumbani, mume husikia kwamba hatakiwi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Miezi ikapita nikivumilia. Kisha mwezi mmoja siku zangu zikaisha, nikakoga, nikaunyosha mkono kuziondoa shanga, nikauona usiku unaokuja. Nikaurudisha mkono.

Ndiyo hivyo tu. Sikusema uongo wowote. Niliacha shanga zikae pale.

Jioni yake Baba Zu akaleta chupa ya maji ya moto. Akanikanda kiuno. Nililala kwenye mikono yake nikishikwa bila kuumizwa, na nikawaza, kumbe siku za damu ndizo siku zangu za kupendwa. Nani angeziondoa zile shanga? Mwezi uliofuata zikakaa zaidi. Uliofuata, zaidi. Ikafika mahali zinatoka msumarini kidogo tu, kama mgeni anayekuja kusalimia na kuaga.

Njia ya mwongo ni fupi, mmesikia. Yangu ilikuwa ndefu kwa sababu mwenzangu alikuwa ananibeba.

Baba Zu akaanza kuhangaika. Akawa ananiletea maini, mchicha, maji ya rozela, eti niongeze damu. Asubuhi ananiangalia macho kama yamepauka. Mnielewe, dada yake alikufa kwa kutoka damu baada ya kujifungua. Walikuwa wamefuatana ziwa. Huyu ni mtu anayeogopa damu ya mwanamke kuliko anavyoogopa kaburi lake.

"Mama Zu, twende hospitali," akawa ananiomba. "Nitafunga duka. Twende tu wakuangalie."

"Itaisha. Mbona nyumbani kwetu wote tuko hivi," nikamjibu. Hata mama yangu nikamsingizia ugonjwa!

Mwezi wa Ramadhani ukaandama. Hapo ndipo shanga zikaanza kunitafuna. Mwanamke aliye mwezini hafungi wala haswali, hilo anajua kila mtu. Kwa hiyo shanga zikiwa msumarini, natakiwa nile mchana. Siku za mwanzo nilitoka kwenye siku zangu za kweli, nikakoga, nikaanza kufunga kimyakimya bila kuziondoa. Nilijipa matumaini kwamba yeye yuko dukani, hataona.

Mchana mmoja akarudi. Jua kali, midomo imemkauka, amefunga. Akaenda jikoni moja kwa moja. Akanipikia uji wa ulezi kwa mikono yake, harufu yote ikimpanda puani, akatia maziwa, akaupoza, akaniletea kitandani.

"Kunywa. Wewe umeruhusiwa," akasema. "Ukidhoofika, mimi nitafanyaje?"

Akakaa kunitazama.

Nikanywa! Nilikuwa nimefunga, mwili wangu ni safi, na nikanywa uji ule mchana wa Ramadhani mbele ya mwanaume aliyefunga, ili uongo wangu usimwagike.  Akatabasamu akapokea kikombe, akarudi dukani. Nilikwenda nyuma kwenye migomba nikalia mpaka pua ikaziba.

Mtu mwenye akili angekoma pale. Mimi nilikoma kwa Mungu tu. Niliapa sitafungua tena swaumu yangu kwa uongo, na swala sitaacha. Lakini kumwambia mume? Hapana, hilo nililiahirisha. Nikawa uji wake naupokea, nasema nitakunywa ukipoa, akiondoka naumwaga kwenye migomba. Kisha narudishia mlango wa chumbani, natandika mswala, naswali chini ya shanga nyekundu. Jamani, nikiandika hivi nasikia aibu mpaka miguuni.

Alasiri moja alisahau funguo za stoo, akazirudia. Sikusikia mlango. Nilikuwa nimesujudu. Nilipoinuka niliona miguu yake pembeni, na viatu vilivyojaa vumbi jekundu la mjini kwetu. Hakunikatiza. Alisimama akaningoja mpaka nikatoa salamu kulia na kushoto. Kikombe cha uji kilikuwa pale mezani, kimejaa, kimepiga utando.

Akaangalia kikombe. Akaangalia msumari. Akaniangalia mimi.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikanyamaza.

"Nimekuombea dua msikitini," akasema. "Wazee wa watu wameinua mikono kwa ajili yako. Mimi nakesha nikidhani unaniachia watoto kama dada yangu alivyowaacha wake. Kumbe Mungu unamwogopa, ila mimi nafaa kudanganywa."

Nikanyamaza.

"Ni mwanaume? Niambie tu. Ni nani?"

Hapo, wasomaji wangu, hapo ndipo kosa lenyewe lilipo. Yale mengine yote yangesameheka. Nilikuwa na jibu, neno moja tu: inauma. Lilifika hapa kooni. Na mimi, kwa aibu ya kutaja sehemu zangu mbele ya mume aliyenizalisha watoto wawili, nikainamisha uso kwenye mswala nikanyamaza mara ya tatu. Mwanaume akiuliza "ni nani" na mke akanyamaza, anaelewa nini? Ninyi mngeelewa nini?

Alizitoa shanga msumarini akazitia mfukoni mwa kanzu. Baada ya Idi alihamia Kibondo, kwenye duka lao analoendesha na kaka yake. Matumizi ya watoto analeta bila kukosa. Salamu zangu hajibu.

Ndipo nikaenda zahanati. Ndiyo, baada ya nyumba kuungua ndipo nikatafuta maji. Nilimweleza muuguzi huku natazama ukuta. Akanipima, wala hakushangaa. Akasema kovu la mshono lilikuwa limekaza, na kunyonyesha nako humkausha mwanamke, na yote mawili yana tiba. Akanipa dawa ya kupaka na mazoezi ya kulegeza misuli, akaniambia kuna vilainishi, na kwamba mume na mke wasiharakishe, wakiona inauma wasimame.

"Na mumeo ulimwambia?" akauliza.

"Hapana."

"Mama, sasa yeye angejuaje?"

Nililia pale kitini mpaka foleni ya nje ikaanza kunong'ona.

Nikapanda gari kwenda Kibondo. Tulipopita Makere nilimwona mama yangu kando ya barabara anaanika muhogo. Sikushuka. Ningemwambia nini?

Nilimkuta dukani. Na nani mwingine yuko pale? Somo. Ameketi kwenye marobota ya vitenge, amekuja kwa ajili ya posa ya Baba Zu. Kuna binti wa watu hapo Kibondo, mambo yameshafika mbali. Aliponiona alikunja uso.

"Umekuja kutafuta nini tena, mwanangu?"

"Nimekuja kusema, shangazi."

Nikasema! Mbele yake na mbele ya vitambaa, sauti inatetemeka. Nikasema sikuwa na mwanaume. Nikasema kulikuwa kunaniuma tangu mtoto wa pili, nikaona aibu, nikajificha kwenye shanga. Somo aliweka mkono mdomoni. Nadhani na yeye alikumbuka zile shanga zilitoka kwa nani, maana aliinuka akaenda uani bila neno.

Nilidhani Baba Zu atafurahi kwamba sikumsaliti. Wapi! Alikaa chini kwenye stuli taratibu, kama mzee.

"Tangu mtoto wa pili," akasema. "Yaani siku zote zile nilikuwa nakuumiza?"

"Hukujua."

"Ndiyo, sikujua. Nililala usingizi na wewe pembeni yangu unaugulia. Umenifanya mkatili bila kuniambia, Mama Zu. Ungenipiga kofi ningekushukuru."

Macho yalimjaa machozi. Nikataka kumshika mkono, akauondoa. Hakuuondoa kwa hasira. Aliuondoa kama mtu anayeogopa kuvunja kitu.

"Nikirudi," akasema, "nikakuuliza unaumwa, ukasema hapana, mimi nitaamini nini? Na ukisema unaumwa je? Nitakuwa naangalia msumari mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Safari hii kweli sikuwa nalo. Mteja akaingia akauliza mashuka, Baba Zu akainuka kumhudumia.

Njiani kurudi, kabla hata ya kufika Kasulu, tumbo likaanza kukata. Siku zangu zimekuja, za kweli. Nilifika nyumbani nimejikunja. Nikachemsha maji mwenyewe, nikayatia kwenye chupa, nikazungushia taulo. Lakini kiuno mtu hajikandi mwenyewe. Nikashindwa, nikapiga simu. Safari hii akapokea.

"Baba Zu, niko mwezini," nikamwambia. Mara ya kwanza kwenye ndoa yetu nalitamka neno hilo kwa mdomo wangu. "Naumwa sana. Kweli."

 Nikasikia anavuta pumzi.

"Kweli ipi?" akauliza. Wala hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa anataka kujua. Kisha simu ikakatika, sijui ni yeye, sijui ni mtandao.

Nikah ya Kibondo ni mwezi ujao. Talaka sijapewa, kuachwa sijaachwa, kupendwa sijui. Watoto wananiuliza baba anarudi lini, nawaambia Ijumaa, Ijumaa ikipita nawaambia Ijumaa nyingine. Mnaona? Bado nadanganya.

Dada zangu, wa kwetu Uha na wa pwani, wa msikitini na wa kanisani, nawaomba kwa machozi. Kikiuma, sema kinauma. Sema siku ileile, hata sauti ikitetemeka, hata kama uso umeufunika. Ukiwa mwezini na unataka kukandwa tu, sema nataka kukandwa tu. Na kama hauko mwezini na unataka kukandwa tu, sema vilevile! Damu ikizidi, nenda hospitali. Kovu likikusumbua, nenda hospitali. Na ninyi kina mama na kina shangazi mnaofunda mabinti, mkimaliza kuwapa shanga wapeni na maneno.

Msumari bado upo juu ya kitanda, sijaung'oa. Mimi sasa kusema nimejua, kila kitu nasema kwa jina lake. Ila aliyekuwa ananiamini bila hata kuniuliza yuko Kibondo, na shanga anazo yeye.