Kilichobaki Kwenye Kopo la Tata

Kila Jumamosi mama alipika munkoyo: uji wa mahindi, mizizi ya porini iliyopondwa, kisha mtungi unafunikwa mpaka kesho yake. Vijana wananiuliza utoto wetu kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, pale Kolwezi, ulikuwa na raha gani bila televisheni. Nawajibu: Jumapili baada ya misa tata, baba yetu, alikunywa munkoyo katika kopo lake jeupe la bati, na daima aliacha kidogo chini. Hicho kilikuwa changu, mimi Ngoie, kitinda mimba wake. Mtungi ulikuwa pale pale, ningeweza kujichotea. Lakini cha chini ya kopo ndicho kitamu, na anayebisha hakuwa na baba kama wangu.

Mbali na mimi, hakuna mwingine aliyenywea kopo lile. Mama mwenyewe hakulinywea, kwa kuwa mke hanywi katika kopo la bwana yake. Mgeni mwanaume tu ndiye aliyepewa, kwa heshima.

Jumatatu moja, saa ya kazi ilifika na king'ora cha mgodi hakikulia. Tulisikia risasi upande wa uwanja wa ndege. Maji ya bomba yakakatika. Siku iliyofuata askari walianza kuingia nyumba kwa nyumba wakitoa wanaume, na wawili wa nyumba ya jirani hawakurudi. Tata akapanda juu ya dari. Tulikunywa munkoyo uliobaki, umeshachacha, na mama alimpandishia wake katika kopo lake.

Tata alikuwa na kikohozi cha vumbi la mgodi. Niliogopa kikohozi kile kuliko risasi. Nilikaa nikitazama dari na kumwomba Mungu akizuie.

Siku ya tatu, mama alikuwa ametoka tu kulishusha kopo, mlango ukapigwa teke.

Askari alikuwa mmoja. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja na bunduki.

"Mama, niko na kiu. Bwana yako iko wapi?"

"Alienda ku kazi, tata," mama alijibu, akimwita baba kwa heshima.

Mama akachota munkoyo, akampa katika kopo jeupe. Mkono ulifuata mazoea, kwa kuwa mgeni ni mwanaume.

Askari hakunywa. Alipitisha kidole kwenye ukingo.

"Hii kopo ilikuwa na maji-maji mbele ya kuchota. Nani alikunywa?"

"Ni mi."

Askari aliliinua kopo mbele ya mama.

"Kwetu pia mgeni anapewaka kopo ya bwana, na bibi hakunywaka mu ile kopo. Muambie ashuke."

Akaelekeza bunduki darini.

Nilijikojolea. Nasema wazi, sioni haya.

"Usipige," sauti ya tata ilisema. "Niko nashuka."

Alikuwa hajakohoa hata mara moja.

"Onja," askari alimwambia, akimsukumia kopo.

Tata alikunywa polepole. Akaliweka mezani, upande wangu, bila kunitazama. Askari aliridhika, akachota kwa kata moja kwa moja mtungini, akanywa mpaka akashiba. Kisha wakatoka wote wawili, tata mbele.

Mama alibaki amesimama. Ndani ya kopo kulikuwa na kidogo, chini.

"Kunywa, Ngoie," alisema. "Ni yako."

Nikanywa.

Tata hakurudi, na hatukupata kaburi la kupalilia. Mama alizeeka akijilaumu kwa kopo lile. Nilimwambia mara nyingi kwamba mwenye kosa ni mwenye bunduki. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu asiyesikia.

Munkoyo bado naupika Jumamosi, na wajukuu wanausifu. Nawasimulia utamu wa ule wa Jumapili, wala siwadanganyi, naukumbuka wote. Ule wa mwisho tu ndio sina. Niliumeza kwa woga, macho yangu yakiwa mlangoni, na sikusikia ladha yake.