Kiingereza cha Mtu wa Nyamiaga

Naikumbuka vizuri siku niliyonyang'anywa darasa. Ilikuwa asubuhi ya mvua, Biharamulo mjini, enzi za Mwingereza kabla ya vita vya pili, nami nilikuwa kijana ambaye ndevu zake bado zinasitasita kuota. Mwanangu, wewe unayejiandaa kwenda kufundisha Kiingereza, na ambaye nimesikia unaogopa kuchekwa, sogea karibu. Haya nakusimulia wewe hasa.

Mimi nilizaliwa Nyamiaga, na lugha niliyonyonya ni Kihangaza. Kiswahili nilikikuta shuleni Rulenge. Kiingereza kilinijia baadaye, kwa mwalimu Mwafrika ambaye naye alijifunza ukubwani. Sauti za l na r zilinisumbua sana; nikitaka kusema "mwanga" kwa Kiingereza, msikilizaji alisikia "mkono wa kulia". Lakini nilipenda kufundisha, na wanafunzi wangu wa Biharamulo, Wasubi, Wazinza na watoto wa wafanyabiashara wa mjini, walinielewa.

Siku hiyo alikuja bwana mmoja wa elimu, Mzungu, mgeni katika wilaya. Alisimama nyuma ya darasa, akanisikiliza nikisoma, akatabasamu. Baadaye alimwambia mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Festo, Mhaya mpole sana, tena mbele yangu, kwamba mtu asiyezaliwa na lugha hawezi kuifundisha. Atawaambukiza watoto makosa yake. Alikuwapo mama mmoja Mwingereza, mke wa ofisa, tuliyemwita Memsahibu. Yeye alikuwa tayari kufundisha, basi kuanzia Jumatatu darasa lingekuwa lake.

Wazazi walifurahi. Nani asingefurahi? Nikapewa bustani ya shule, nikawa mwalimu wa mihogo na karanga.

Sasa sikiliza upumbavu wa ujana. Jioni nilianza kujizoeza kuongea kama yule bwana, kwa pua, midomo nimeibana. Nilidhani nikipata sauti ile nitarudishiwa darasa. Siku moja nilipita dukani kwa Bi Mwanaidi, mjane ambaye wazee wake walitoka pwani na ambaye mwanawe wa mwisho, Salum, alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimkuta Salum barazani, nikamsemesha Kiingereza changu kipya. Kijana hakuelewa hata neno moja.

Bi Mwanaidi akatoa kichwa dirishani. "Mwalimu, umeshikwa na mafua?"

"Shikamoo, mama. Hapana, sina mafua."

"Marahaba. Basi ongea kama ulivyokuwa ukiongea. Huyu mtoto alikuwa akikuelewa, na sasa mmekuwa wawili msioeleweka, wewe na Memsahibu."

Niliona aibu, mwanangu, lakini pia moyo wangu ulipata joto. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniambia kwamba nilikuwa nikieleweka.

Haikupita muda, Salum akafukuzwa darasani. Walikuja wageni shuleni, na Salum, kijana mwenye adabu, akasimama kumsifu mwalimu wake kwa Kiingereza. Lakini alimtaja Memsahibu kwa "he", neno ambalo Waingereza wanamtajia mwanamume. Wageni wakaangua kicheko. Memsahibu akawa mwekundu, akadhani ametukanwa, akamtoa nje. Salum alikwenda nyumbani akasema harudi tena shule. Atauza chumvi na khanga kama kaka zake. Na mtihani wa kwenda shule ya juu Bukoba ulikuwa umekaribia.

Bi Mwanaidi hakupiga kelele. Alijifunga ushungi wake, akaja kwenye mkutano wa wazazi, na Memsahibu mwenyewe alikuwapo. Mimi nilikaa nyuma, karibu na mlango, na udongo wa bustani miguuni.

Mzee Petro, aliyekuwa na watoto wawili pale shuleni, ndiye aliyeanza. "Tunataka Kiingereza chenyewe," alisema, "si Kiingereza cha mtu wa Nyamiaga."

Bi Mwanaidi akasimama. "Petro, mimi Kiswahili nimezaliwa nacho, sivyo?"

"Hilo nani asiyelijua?"

"Mke wa mwanangu mkubwa ni wa Mabawe, hakukua na Kiswahili. Alipokuja kwangu alisema, 'Mama, kikombe imevunjika.' Nikamcheka. Akaniuliza, basi inasemwaje? Nikamwambia, kimevunjika. Akauliza, kwa nini? Sikuwa na jibu. Nikamwambia ndivyo tunavyosema, nikacheka tena. Yule binti alinyamaza masika yote. Mteja akija dukani, anakimbilia jikoni. Aliyemfungua kinywa ni jirani yetu, Mzinza, mke wa fundi cherehani. Alimwambia, hata mimi palinishinda hapohapo, sikiliza neno linavyoanza: ki-kombe, ki-mevunjika. Leo binti yule ndiye anayeuza duka langu. Mimi nilikuwa na lugha, lakini njia ya kuifikia sikuijua, maana sikupata kuipita."

Mwalimu Festo alikuwa akimtafsiria Memsahibu neno kwa neno. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama najua ni nini kilichomponza Salum.

Nilisimama, nikasema kwa Kiingereza changu kilekile, bila pua, Mwalimu Festo akiwatafsiria wazazi. Nikaeleza kwamba katika lugha zetu tunasema "baba amekuja" na "mama amekuja" kwa neno lilelile, hatutenganishi. Mtoto wetu hamtukani mtu, bali anatafuta tofauti ambayo kwao haipo. Nilisema kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nikiwasimamisha wavulana upande huu na wasichana wachache tuliokuwa nao upande ule, tukionyeshana kwa vidole na kutaja, mpaka ulimi uzoee.

Kisha Memsahibu alisema maneno ambayo sijayasahau: kwamba watoto walimuuliza "kwa nini" kila siku, naye hakuwahi kujua la kuwajibu. Akauliza Salum anaishi wapi. Jioni hiyo alikwenda dukani kwa miguu yake, akamwomba radhi kijana mbele ya mama yake.

Wazazi waliomba nirudi, na Mwalimu Festo akakubali. Mimi nilifundisha jinsi lugha inavyojengwa, Memsahibu akaja kuwasomea hadithi na kuwanyoosha matamshi. Na mimi nilikaa na wanafunzi nikinyooshwa pamoja nao. Memsahibu alinionyesha mahali pa kuweka ulimi ili l itoke. Mzee Petro alininunia hadi mtoto wake alipomsomea barua ya serikali iliyoandikwa kwa Kiingereza. Salum alirudi darasani, akafaulu kwenda Bukoba, wengine hawakufaulu. Yule bwana wa elimu hakubadili maneno yake kamwe, na alipohamishwa aliondoka akiamini vilevile. Nilijifunza kuishi bila sifa zake.

Nawashukuru wote, mwanangu. Mwalimu Festo kwa kuwa na sikio. Memsahibu kwa kukubali kwamba hajui, jambo ambalo wakubwa wengi linawashinda. Lakini zaidi ya wote namshukuru Bi Mwanaidi, aliyesimama mbele ya watu akakiri kwamba alimcheka mkwewe, ili mimi nipate kazi yangu.

Basi nasaha yangu ni hii. Mtu akikuambia kwamba hufai kwa sababu hukuzaliwa na Kiingereza, usimtukane, na usimwamini. Usiigize pua ya mtu. Pale lugha ilipokusumbua, pakumbuke, maana ndipo mwanafunzi wako atakapokwama, nawe utakuwa umeshafika kabla yake. Ukimpata aliyezaliwa nayo, kaa miguuni pake ujifunze bila aibu. Nawe usijidanganye kwamba makosa yako ni mapambo, yarekebishe. Na mtoto akikosea, usicheke. Kicheko kimoja kinaweza kumnyamazisha mtu masika mazima.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe subira ya kujibu "kwa nini" ya mia kama ulivyojibu ya kwanza. Akukutanishe na watu watakaokusemea pale ambapo wewe huwezi kujisemea. Na watoto utakaowafundisha wakupite mbali, nawe ufurahi.