Vikombe Vilivyogeukia Ukuta

Saa nne asubuhi, Hilary Tunnard anapanda kigoda nyuma ya kaunta ya baa ya Korongo Mweusi na kuanza kufuta vumbi kwenye vikombe vya bati vilivyotundikwa juu. Viko thelathini na vinne. Thelathini na vitatu vimegeukia ukuta.

Ndiyo desturi ya baa hii ya kijiji cha Aldwick, mashariki mwa Uingereza, tangu ilipofunguliwa mwaka 1742 kwa ajili ya wachimba mifereji. Mteja wa kudumu hupewa kikombe na kulabu yake. Akifa, wenzake hukinywea bia mara moja, kisha hukitundika kikiwa kimeelekea ukutani.

Kilichobaki ni cha Wilf Cobley, mzee wa miaka 81.

"Mbona changu unakisugua sana? Bado napumua!" anadakia akiwa karibu na moto.

"Kupumua gani huko, mzee? Nilidhani ni mlango wa ghala unakwaruza."

Wanacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Jumapili baa inafungwa. Wenyewe wameshaiuza, na itageuzwa kuwa nyumba za kupangisha. Wateja nao walishapungua. Siku njema hufika saba.

Hilary, 67, amemimina bia hapa kwa miaka 38. Kikombe cha marehemu mumewe, Desmond, ni cha tisa kutoka mlangoni. Aliziandikia familia zote zije kuchukua vya kwao. Nne ndizo zilizojibu.

"Tatu zimesema nitupe. Ya nne imeuliza hivyo vikombe ni vya nini," anasema.

Yeye mwenyewe hana kikombe. Kwa desturi, anayemimina hapewi kulabu.

Wilf anajikongoja hadi kaunta na kutoa kitu ndani ya koti. Ni kikombe kipya, kimechongwa "Hilary" kwa herufi zilizolala kama walevi.

"Desturi inakufa Jumapili, mama. Acha tuivunje ingali hai."

Hilary anakitundika kikitazama watu. Halafu anakaa juu ya kigoda na kulia waziwazi.

Vyote atahamia navyo mjini, kwenye chumba alichopata. Kina ukuta mmoja tu usio na dirisha, na hapo ndipo atapigilia kulabu thelathini na tano.

"Wilf akitangulia, nitamgeuza mimi. Mimi nikifa, nani atanigeuza?" anauliza.

Karibu na moto, mzee anakohoa kwa muda mrefu. Hilary anasubiri amalize.

"Ninachoomba ni kimoja tu," anasema. "Huyu aishi kunizidi, hata kwa siku moja."